Sahani Ikiwa Bado Haijaja

Mara ya kwanza nilipompeleka mama mgahawani, hakujua mikono yake aiweke wapi. Tulikuwa tumeshaagiza, mhudumu ameshachukua menyu na kwenda zake. Mama akasogeza kichupa cha chumvi akakipanga sawa na cha pilipili. Akanyoosha kitambaa cha meza ambacho hakikuwa na kunyanzi hata moja. Akafuta kwa ncha ya kidole tone la maji lililodondoka kutoka kwenye jagi. Kisha akaniinamia na kuniuliza kwa sauti ya chini, "Sasa tunafanya nini?"

"Tunangoja, mama."

"Tunangoja," akarudia polepole, kama mtu anayejaribisha kiatu kipya.

Mama amepika kwa zaidi ya miaka 50. Miaka yote hiyo wengine ndio waliomngoja yeye: sisi watoto tuliorudi na njaa, baba, wageni waliokuja na taarifa na wale waliokuja bila taarifa. Yeye naye alikuwa akingoja, ila alingoja kwa miguu, mwiko mkononi, jicho kwenye sufuria. Siku ile, nywele zikiwa zimeshakuwa nyeupe, ndipo nilipomwona kwa mara ya kwanza akingoja chakula huku ameketi. Sahani ilipofika aliishika ukingoni kwa mikono miwili, akavuta harufu mpaka macho yakafumba yenyewe, akasema, "Kinanukia." Alikula chote. Nyumbani sikumbuki hata siku moja aliyomaliza sahani aliyojipikia.

Njiani kurudi nilidhani chakula cha pale kilikuwa kitamu kuliko chake. Hakikuwa. Nimekila tena mara kadhaa, na mchuzi wa mama unakiacha mbali. Kilichokuwa kimebadilika ni pua yake.

Utamu mwingi tunaosema ni wa ulimi ni wa pua. Ulimi wenyewe hutambua mambo machache: utamu wa sukari, chumvi, ukali wa limau, uchungu, na ile ladha nzito ya supu ya nyama ambayo mwanakemia wa Japani, Kikunae Ikeda, aliipa jina la umami mwaka 1908. Mengine yote, kinachotenganisha embe na nanasi, kinachoifanya iliki iwe iliki, ni harufu inayopanda kutoka nyuma ya koo hadi puani wakati tunatafuna. Ndiyo maana mtu mwenye mafua mazito huona kila kitu kama karatasi iliyoloweshwa. Na pua ina tabia yake. Harufu ikikaa mbele yake kwa muda, huizoea na kuacha kuitangaza. Anayeingia kutoka nje huisikia tangu mlangoni, na aliyesimama jikoni tangu asubuhi hasikii kitu. Mpishi hufika mezani pua ikiwa imechoka, na chakula chake mwenyewe humfikia nusu.

"Nimeshiba moshi," mama alikuwa akituambia, akijipakulia kijiko kimoja. Sisi tulidhani ni namna yake ya kutuachia vipande vikubwa. Huenda ilikuwa hivyo pia. Lakini alikuwa akisema ukweli mtupu kuhusu mwili wake, na hakuna aliyemsikiliza.

Tangu nilipolielewa hilo nimekuwa na desturi moja nisiyoiacha. Nikishamaliza kupika, nafunika sufuria na kutoka nje kwa dakika 10. Nasimama tu. Nikirudi, harufu ya mikono yangu inanipokea mlangoni kana kwamba kuna mtu mwingine alikuwa akinipikia.

Watu hubishana kipi bora, kula nje au kupika nyumbani, na mara nyingi mzani wao ni fedha au afya. Hoja hizo ni za kweli na sizipingi. Ila hazijawahi kunieleza ninachokihisi. Mimi naona tofauti kubwa iko katika muda ule ambao sahani bado haijaja. Nyumbani unangoja umesimama. Mgahawani unangoja umeketi. Raha hizi mbili hazifanani hata kidogo, na mtu aliyezoea moja tu, hata awe anakula vizuri kiasi gani, kuna upande wa chakula hajaufikia.

Kungoja kwa kusimama nilifundishwa na kitunguu.

Maelekezo mengi ya mapishi yanadanganya kuhusu kitunguu. Yanakwambia ukikaange dakika 5 hadi kiwe cha kahawia, kisha utie nyanya. Hakiwezi. Karibu asilimia 89 ya kitunguu ni maji, na maji hayo yakiwa bado yamo, joto lake haliwezi kupita sana nyuzi 100 za Selsiasi. Ule ukahawia wenye utamu hutokana na sukari na amino asidi, vile vipande vinavyojenga protini, zinazokutana kwenye joto na kuzaa mamia ya harufu mpya, jambo ambalo mwanakemia Mfaransa Louis-Camille Maillard alilieleza mwaka 1912, na kasi yake hupanda hasa joto linapokaribia nyuzi 140. Kwa hiyo maji lazima yaondoke kwanza, na kwa moto mdogo yanaondoka kwa saa yao wenyewe. Kwa sufuria iliyojaa, mimi hutumia dakika 40, wakati mwingine zaidi. Ukiuongeza moto ili uwahi, kingo zinaungua na katikati panabaki pabichi, na uchungu wa kilichoungua hautolewi na kiungo chochote.

Nilikuwa nauchukia muda huo. Siku moja nilichoka kutazama nikafumba macho, na hapo ndipo kitunguu kilipoanza kusema. Mwanzoni mlio wake ni wa mvua kubwa juu ya bati: hayo ni maji mengi yanayogonga mafuta. Baada ya robo saa mvua inapungua, inakuwa manyunyu. Kisha unakuja ukimya fulani mzito, vitunguu vimelegea, vinateleza kwenye mwiko kama kitambaa. Halafu mlio unarudi, lakini sasa ni mkavu, wa kupasuka-pasuka, na hapo usiondoke tena, maana kutoka kahawia hadi nyeusi ni dakika chache. Tangu siku hiyo napika kwa masikio kuliko kwa saa. Hata nyama huniambia. Kipande chenye majimaji ukikiweka kikaangoni hupiga kelele za kuchemka na kubaki kijivu. Kikikaushwa kwanza kwa kitambaa safi hulia mara moja, mlio mkali wa juu, na rangi huja yenyewe.

Na nyama ngumu, ile ya sehemu za mnyama zilizofanya kazi sana, nayo ina somo lake. Inafungwa na kolajeni, protini ngumu kama kamba, ambayo joto likizidi nyuzi 70 hivi huanza kulegea na kugeuka jelatini laini, lakini kwa saa nyingi, wala si kwa nguvu. Saa ya kwanza haitafuniki. Saa ya pili unadhani umenunua nyama mbaya. Saa ya tatu unaingiza uma na inaachia, na mchuzi umekuwa mzito bila ya kutiwa unga. Sijui raha nyingi maishani zinazoshinda ile ya kuingiza uma na kuhisi nyama imeachia.

Hizi ni raha za aliyesimama. Zipo nyingine ndogondogo: kuonja kwa kijiko cha mbao na kujua kwamba bado punje chache za chumvi, kukwangua ukoko wa wali peke yangu kabla mtu hajaingia, kulikamulia limau juu ya kitu ambacho kilikuwa kimelala na kukiona kinaamka. Hakuna mgahawa unaoweza kuniuzia hizo.

Lakini kinachonigusa ninapokula nje ni kwamba hata ile sahani iliyofika baada ya dakika 15 imengojewa na mtu. Supu iliyo chini ya mchuzi ule iliwekwa motoni mapema, labda kabla sijaamka. Vitunguu vilikatwa vikiwa ndoo nzima. Unga ulikandwa jana ukalala usiku kucha. Mpishi wa mgahawa huanza kazi saa nyingi kabla mlango haujafunguliwa, akiosha, akimenya, akipanga kila kitu kwenye vibakuli karibu na mkono wake, na anapopata oda kinachobaki ni dakika za mwisho tu, kwenye majiko yenye moto mkali kuliko wowote nilio nao mimi. Ninapolipa bili nalipia subira ya watu nisiowaona. Ndiyo maana mtu anayempigia mhudumu vidole mezani huniharibia chakula hata kama ameketi mbali.

Hata neno lenyewe limetoka kwenye sufuria iliyochemka kwa muda mrefu. Mjini Paris, katika karne ya 18, neno la Kifaransa *restaurant* lilikuwa jina la supu, supu nzito ya kumrudishia mtu nguvu. Katika miaka ya 1760 zikaanza kufunguliwa nyumba za kuuza supu hiyo kwa watu waliosema ni wadhaifu, na jina la supu likahamia kwenye nyumba. Kabla ya hapo, msafiri aliyetaka kula aliketi kwenye meza moja ndefu ya mwenye nyumba, saa iliyopangwa, pamoja na asiowajua, akala kilichokuwepo, na aliyechelewa alikuta sahani tupu. Nyumba mpya zilileta meza ndogo ya peke yako, orodha ya kuchagua, na saa uitakayo wewe. Kwa maneno mengine, zilimpa mtu haki ya kungojea kitu alichokichagua.

Wachina walikuwa wameshafika huko miaka mingi nyuma. Katika mji wa Kaifeng, mwanzoni mwa karne ya 12, wateja walikaa na kila mmoja akapaza anachotaka, hiki cha moto, kile cha baridi, kingine kisitiwe mafuta, na mhudumu aliyashika yote kichwani, akaenda kuyaimba mbele ya wapishi bila kuandika. Akikosea alikemewa, hata kukatwa mshahara. Nikimwona mhudumu anayepokea oda ya watu sita bila kalamu, namfikiria yule mwenzake wa miaka 900 iliyopita.

Sasa nirudi kwenye meza, maana hapa ndipo penye raha ninayoipenda kuliko zote za kula nje. Nyumbani kila mara kuna mtu anayeinuka. Mmoja anafuata maji, mwingine anafuata chumvi, mtoto ameita, jiko halijazimwa. Mazungumzo ya nyumbani huenda kwa vipande. Mgahawani, kuanzia menyu inapoondoka hadi sahani inapofika, hakuna mwenye kazi. Mikono iko mezani, mitupu. Nyuso zimeelekeana. Chakula bado hakijaziba vinywa, na njaa kidogo imewachangamsha watu. Katika dakika hizo 20 nimeambiwa mambo makubwa kuliko niliyoambiwa katika mwaka mzima wa kupishana sebuleni. Kaka yangu aliniambia hapo kwamba ameacha kazi na anaogopa. Mke wangu aliniambia hapo kwamba tutapata mtoto, na mhudumu alipoleta supu alitukuta wote wawili tunalia, akaiweka taratibu sana na kuondoka bila neno. Sikumbuki ilikuwa supu ya nini. Nakumbuka kikapu cha mkate kilichokuwa katikati yetu.

Kwa sababu hiyo nasema wazi: simu isikae mezani katika muda huo. Wakati wa kula, ukiitazama, umejikosesha utamu kidogo. Wakati wa kungoja, ukiitazama, umetupa kitu ulichokifuata. Vivyo hivyo muziki unaopigwa hadi watu wanapigiana kelele. Kelele nyingi hufifisha hata utamu na chumvi ulimini, jambo ambalo watafiti wamelipima, lakini hasara kubwa ni kwamba yule mwenye jambo zito moyoni hatalisema kwa kupiga kelele. Atasema chakula ni kizuri, basi.

Kuhusu kuchagua mahali sina mengi. Napenda menyu fupi, kwa sababu jiko lenye sahani nane linaweza kuzijua zote nane. Na nikiwa peke yangu naagiza kile nisichoweza kukipika, au nisichotaka kukisafishia jiko.

Kula peke yangu nje, kwa kweli, nilichelewa kukugundua. Niliona haya. Siku moja safarini nikalazimika, nikaketi karibu na dirisha bila kitabu, na kungoja kukawa kitu kingine: nilisikia vyombo vikigongana nyuma ya mlango, nikaona jinsi mhudumu anavyousukuma mlango kwa nyonga mikono ikiwa imejaa, nikatambua kwamba ninajua kitunguu kimefika hatua gani kwa mlio wake tu. Kupika kwangu nyumbani kulikuwa kumenipa masikio ya kusikilizia jiko la mwingine.

Huku ndiko kupika nyumbani na kula nje kunakolishana. Nilipikiwa sana kabla sijapika, na kila sahani niliyoipenda nje nilirudi nayo nyumbani kichwani, nikaitafuta kwa wiki kadhaa. Mara chache niliipata. Mara nyingi nilipata kitu kingine ambacho sasa ni changu. Na kila nilichokitafuta nyumbani kikanishinda, kiliniongezea heshima kwa anayekitoa kila siku, mezani kwa watu 80, bila kukosea.

Kushindwa nako nakujua. Kuna jioni niliyowaalika marafiki sita kula maharage. Nilikuwa nimeyaloweka tangu usiku, kila kitu kimepangwa, lakini nikatia nyanya mapema sana. Ukali wa nyanya huzuia ganda na nyama ya haragwe kulainika. Pektini inayoshikilia chembe za mmea haiachii kwenye mchuzi mkali. Mimi sikulijua hilo. Saa ya kwanza yalikuwa magumu. Saa ya pili yalikuwa magumu. Saa ya tatu nilikuwa nimesimama jikoni nimeshika mwiko, nimepatwa na aibu ile inayopanda shingoni, nasikia wageni wangu wanacheka sebuleni. Mmoja wao alikuja, akaonja, akaweka kijiko chini, akaniuliza, "Mayai unayo?" Tukapika mayai sisi sote saba tukiwa tumebanana kwenye jiko moja dogo, tukala na mkate, saa tano usiku.

Tumeshakula pamoja mara nyingi tangu hapo. Mla ni mla leo, mla jana kala nini? Chakula ndivyo kilivyo, kinakwenda na siku yake. Lakini usiku ule bado wanausimulia, na wanaposimulia hawataji mayai. Wanataja zile saa tatu. Ndani ya saa zile, wawili kati yao waliokuwa hawasemezani walipatana, nami sikuwepo, nilikuwa nasimamia maharage.

Hilo ndilo linaloniuma kidogo kuhusu kupika, na nadhani ndilo lililokuwa likimpata mama kwa miaka yake 50. Anayesimama anakosa yanayosemwa na walioketi. Alitulea akiwa upande wa pili wa ukuta. Hadithi alizokuwa nazo, na anazo nyingi, hakuwa na saa ya kuzitoa, kwa sababu saa ya hadithi ni ile ya kungoja, na yeye saa hiyo alikuwa na sufuria. Kwa hiyo sasa namtoa nje kila ninapoweza. Amezoea. Hapangi tena vichupa. Huagiza haraka, kwa uhakika, kisha anaegemea kiti na kukunja mikono, na mimi najua kwamba sasa atasema kitu.

Mwezi uliopita alikuja kukaa kwetu. Jioni ya kwanza aliingia jikoni moja kwa moja, akachukua kisu kwenye ubao. Nikakichukua mkononi mwake. Nikamwambia, "Mama, nenda kaketi."

"Na nifanye nini?"

"Ungoje."

Alinitazama kwa muda, kisha akaenda. Nikakata vitunguu, nikaviweka kwenye moto mdogo, mvua ikaanza kwenye bati. Mvua ikawa manyunyu. Nyama nilikuwa nimeianza tangu mchana, nikaiunganisha, nikafunika. Kutoka sebuleni nilimsikia binti yangu akiuliza kitu, na mama akianza kujibu, "Mimi nilipokuwa na umri kama wako…" Ilikuwa habari ya mto, na mashua, na ndugu yake ambaye sikuwahi kuambiwa kwamba aliogopa maji. Nina miaka zaidi ya 40 na sikuwa nimewahi kuisikia.

Niliingiza uma kwenye nyama. Ikaachia. Mchuzi ulikuwa mzito, chumvi imekolea, sahani nimeshazipanga.

"Mwanangu, bado?" mama akaita.

"Bado kidogo, mama."

Nikazima moto, nikafunika sufuria vizuri ili isipoe, nikaenda kusimama karibu na mlango.